Mwalimu Aliyeita Majina: Costansia Uwiduhaye wa Rwabunyasi

Ijumaa, Mei 30, 2025. Asubuhi ukungu ulijaa bondeni hadi saa mbili na nusu. Sasa jua limetoka, upepo ni wa kiangazi, na hakuna dalili ya mvua. Leo Mwalimu Costansia Uwiduhaye anastaafu utumishi wa umma baada ya kufundisha kwa miaka thelathini na miwili, miezi minne na siku kumi na tisa. Kesho anatimiza umri wa miaka sitini.

Katika wasifu wa namna hii watu wamezoea kusoma idadi ya wanafunzi waliopita mikononi mwa mstaafu. Hapa idadi hiyo haimo, na haikusahaulika. Wenyeji wa Rwabunyasi wanajua sababu; wageni wataijua wakisoma. Tarehe za kuanzia mwaka 2011 zimetoka katika shajara ya mwandishi. Zilizotangulia amezitoa Mwalimu mwenyewe, ambaye huhifadhi kila barua aliyowahi kupokea ndani ya kopo la biskuti.

Alizaliwa Nyabiyonza mwaka 1965, mtoto wa Athanasi, kibarua wa mashamba ya kahawa ambaye wazazi wake walivuka mto Kagera kutoka Rwanda wakitafuta kazi. Nyumbani alizungumza Kinyarwanda, kwa majirani Kinyambo, na Kiswahili alikikuta shuleni. Mpaka leo akichoka, herufi r na l hubadilishana nafasi kinywani mwake, na yeye ndiye huwa wa kwanza kucheka. Somo alilolipenda tangu mwanzo ni hesabu. Alihitimu ualimu wa Daraja la Tatu A, akaajiriwa Jumatatu, Januari 11, 1993, na kupangiwa shule ambayo sisi tunaiita shule mama, kilomita tisa kutoka hapa tulipo. Huko alifundisha hesabu kwa miaka kumi na mmoja. Waliofundishwa naye wanasema hakuwahi kumchapa mtoto kwa kukosa jibu, ila kwa kunakili jibu la jirani alichapa bila kuuliza mara mbili.

Kati ya shule mama na Rwabunyasi kuna bonde, na ndani ya bonde kuna kijito. Kiangazi mtu hukivuka bila kuvua viatu. Masika ni habari nyingine. Mwezi Aprili mwaka 2003, Nyirabageni, binti wa mkulima Nsanzimana, alirudishwa na maji mara tatu akienda shule. Mara ya nne maji yalichukua mfuko wa madaftari na viatu, na hakwenda tena. Mwalimu Costansia alimfuata nyumbani. Nsanzimana alimpokea vizuri, akamkalisha, akamweleza kwamba viatu vingine angeweza kutafuta, lakini Nyirabageni mwingine hana.

Mwalimu aliandika barua akiomba darasa lifunguliwe upande huu wa bonde. Aliandika ya pili. Jibu lilikuja baada ya barua ya tatu: darasa lifunguliwe kama shule shikizi, yaani tawi la shule mama lisilo na namba yake ya usajili, na mwalimu wake awe huyo huyo aliyeomba. Alituambia kwamba aliposoma sehemu hiyo ya mwisho alikaa chini kwanza.

Shule ilianza Jumatatu, Januari 12, 2004, ndani ya kigango, kanisa dogo la kijiji. Benchi zilitengenezwa na mume wake, Mutabazi, fundi seremala, na siku ya Jumapili zilitumika kwa ibada. Watoto wa wakulima walikaa upande wa kulia na watoto wa wafugaji upande wa kushoto. Hakuna aliyewapanga hivyo.

Kosa kubwa la kazi yake alilifanya siku kumi baadaye, na halifichi. Alhamisi, Januari 22, aliona kwamba upande wa kushoto haushiriki somo la hesabu. Tangu wiki ianze alikuwa akitumia maharage na vidole vya ndizi, vitu vya wakulima. Akafikiri kwamba wafugaji nao wanastahili mifano yao. Akaweka maharage pembeni, akamtaka kila mtoto wa upande wa kushoto ataje ng'ombe wa baba yake ni wangapi.

Mtoto wa kwanza alitazama chini. Wa pili naye alitazama chini. Mwalimu alidhani hawajui kuhesabu, akawaambia watumie vidole. Aliyefuata, Nuwamanya mwana wa Akankwasa, alikuwa na ujasiri wa kutaka kumpendeza mwalimu. Alisimama akataja idadi kwa sauti. Idadi hiyo haitaandikwa hapa. Mwalimu alimpigia makofi, na upande wa kulia ukapiga makofi. Upande wa kushoto haukupiga.

Jumatatu iliyofuata benchi za kushoto zilikuwa tupu. Jumanne ilikuja habari kwamba ng'ombe mmoja wa Akankwasa amekufa kwa kuvimba tumbo. Bwana mifugo alisema ni majani mabichi ya mvua. Akankwasa alisema ni somo la hesabu.

Jumatano alifika mzee Byarugaba, ambaye wakati huo ndiye aliyekuwa mkubwa wa wafugaji wa hapa. Mwalimu alimwamkia shikamoo, akaitikia. Mzee aliuliza habari za Nyabiyonza, za wazazi, za mvua, za kahawa ambayo hakuwa na hata mche mmoja. Alipomaliza hayo yote, ndipo alipotaja kilichomleta.

"Mwalimu, ng'ombe hahesabiwi. Ng'ombe anaitwa. Na mtoto ni hivyo hivyo."

Aliongeza kwamba anayehesabu kitu chenye uhai ni yule anayetaka kukiuza, kukichinja au kukizika, na kwamba wao hawajui Mwalimu ana nia ipi kati ya hizo.

Mtu mwingine angebishana. Mwalimu Costansia aliomba akaone jinsi wanavyoitwa. Jioni hiyo hiyo alikuwa zizini kwa Byarugaba, na daftari mkononi, wakati ng'ombe wanarudi kutoka malishoni. Kyarisiima, mke wa Byarugaba, alimtajia kila anayepita: Bihogo mwenye rangi ya kahawia iliyoiva, Gaju aliyepauka, Kyasha mwenye alama nyeupe kwenye paji la uso, Mayenje mwenye madoa. Hakuna aliyehesabu. Kabla ya lango kufungwa Kyarisiima alisema tu kwamba mtoto wa Mayenje hayupo, na kijana akatumwa kumfuata. Mwalimu alisema kwamba yeye, kwa hesabu zake zote, angehitaji kuanza upya mara mbili ndipo agundue.

Tangu hapo alibadili namna ya kuendesha darasa, na namna hiyo ndiyo tunayoitumia mpaka leo. Asubuhi mahudhurio huitwa kwa majina, polepole, jina la mtoto na la baba yake. Hakuna anayegusa vichwa, hakuna mtoto anayepewa namba. Baada ya kuita, mwalimu hulifunga daftari na kuuliza darasa swali moja: nani hayupo? Watoto hujibu wenyewe, na mara nyingi hutaja na sababu. Fulani ana homa, fulani amebaki na mdogo wake, fulani alionekana barabarani na manati. Jumla ambayo serikali inaihitaji hujazwa baadaye ofisini, kwa kalamu, bila sauti. Kwa njia hii utoro hapa haujawahi kupita siku moja bila kujulikana, jambo ambalo shule nyingi zenye namba zote haziwezi kusema.

Benchi za kushoto zilijaa tena kidogo kidogo. Nuwamanya alirudi baada ya miezi miwili, akiwa ametumwa na mama yake. Wadogo zake nao waliandikishwa kila mmoja kwa wakati wake. Baba yao, Akankwasa, hakuwazuia, lakini yeye mwenyewe hakukanyaga kwenye kiwanja cha shule.

Katika hesabu, ng'ombe alifutwa kabisa, na mtoto pia. Kitabu kikisema mfugaji ana ng'ombe kumi na wawili akauza watano, Mwalimu aliandika ubaoni parachichi. Darasa lilihesabu maharage, magunzi na, msimu ukifika, senene, kwa kuwa senene hawana majina na huliwa siku ile ile. Mwaka 2013 mkaguzi mmoja alishangaa kwamba shule iliyozungukwa na ng'ombe haina ng'ombe hata mmoja katika madaftari ya hesabu. Mwalimu alimjibu kwamba wapo, ila wamo kwenye madaftari ya Kiswahili, kwenye insha, kila mmoja kwa jina lake. Mkaguzi aliomba aonyeshwe. Alisoma insha tatu na akachelewa chakula cha mchana.

Lipo tukio la Jumamosi, Oktoba 6, 2012, ambalo wengi wangependa lisiachwe. Siku hiyo wazazi walitakiwa kuja kupiga kura ya kuchagua kamati ya shule. Mwalimu alimpa balozi wa nyumba kumi ujumbe kwa mdomo siku ya Alhamisi jioni, akiwa amechoka. Balozi alikwenda nyumba kwa nyumba akitangaza, neno kwa neno kama alivyoambiwa, kwamba Jumamosi shuleni kuna mkutano wa kula. Watu walikuja kwa wingi ambao haujawahi kuonekana, na sahani mkononi. Walikuja hata wasio na mtoto shuleni. Akankwasa naye alikuja, akasimama nje kidogo ya mpaka wa kiwanja, sahani kwapani, akauliza kama ni hapa panapoliwa.

Mwalimu aliziona sahani, akaelewa, na hakumlaumu balozi. Alituma watu kwa majirani. Ndizi zilimenywa, maharage yakaletwa, wali ukapatikana kwa walioweza, na saa tisa alasiri watu wote walikuwa wameshiba. Ndipo kura ikapigwa, na kamati ile ilidumu kuliko zote. Akankwasa alipelekewa chakula pale pale alipokuwa. Alikula, akashukuru, akakataa karatasi ya kura. Alisema yeye aliitwa kula, na ameshakula.

Tufike sasa mwaka 2016, ambao ndio uliotufanya tuwe na cha kusherehekea leo.

Mwezi Februari ilikuja barua kuhusu shule shikizi zote za eneo letu. Itakayothibitika kuwa na wanafunzi mia moja na themanini ingepewa usajili na kuwa shule kamili. Isiyofikia ingefungwa, na watoto wake warudi shule mama. Uhakiki ungefanywa kwa macho, siku moja tu, Jumatano, Machi 9. Daftari letu lilikuwa na watoto wa kutosha na kubaki. Lakini daftari halikutosha. Watoto walitakiwa wapangwe mistari na kuhesabiwa vichwa. Masika yalikuwa yamekwisha kuanza, na kijito kilikuwa kimejaa. Kila mtu alijua shule ikifungwa ni kina nani wataacha kusoma. Hakukuwa na mpango wa pili.

Jumamosi, Machi 5, Akankwasa alisema joshoni, mbele ya watu waliokuja kuogesha mifugo, kwamba watoto watapangwa na kuguswa vichwa kama mbuzi wa mnada, na kwamba wa kwake hawatakuwamo. Alipoulizwa kama haoni shule itafungwa, alisema alikwisha kuhesabiwa mara moja na anajua aliyeondoka. Wafugaji wengine hawakumpinga. Siku zile walikuwa wakimsikiliza yeye kuliko Byarugaba, aliyekuwa amezeeka.

Jumapili baada ya ibada Mwalimu alikwenda nyumbani kwa Akankwasa. Alipewa kiti, akapewa maziwa, na mazungumzo yalikuwa ya heshima tangu mwanzo hadi mwisho. Jibu halikubadilika. Shule anaipenda, Mwalimu anamheshimu, watoto hawatahesabiwa. Mwalimu alirudi akatufahamisha hivyo hivyo, bila kupunguza wala kuongeza, kisha akaenda kupanga chaki.

Jumatano mvua ilinyesha tangu saa kumi na moja alfajiri hadi saa tatu na dakika ishirini. Timu ya uhakiki ilifika saa mbili ikiongozwa na Bwana Anastazi, mtu mpole na wa utaratibu. Watoto wa wakulima walikuwa wamekwisha kupanga mistari. Wafugaji walikuwa ng'ambo ya barabara pamoja na watoto wao, chini ya miavuli na majani ya migomba. Hawakuingia na hawakuondoka. Bwana Anastazi alitazama upande huu, akatazama upande ule, akasema atasubiri mpaka saa sita, kisha ataandika alichokiona.

Mvua ilipokatika Mwalimu Costansia alimwomba aione fomu. Ilikuwa na safu za jina, jinsia, darasa na mzazi, na ukingoni kushoto kila mstari ulikuwa na namba iliyokwisha kuchapwa. Aliisoma kwa muda mrefu kuliko ilivyohitaji. Kisha akaomba watoto wasipangwe. Kila mzazi aje na mtoto wake mezani, amwite kwa jina, afisa amwone kwa macho na kuandika. Hakuna atakayegusa kichwa, na hakuna atakayetamka namba yoyote.

"Mwalimu, mimi nimetumwa kuhesabu," alisema Bwana Anastazi.

"Wewe andika majina. Karatasi itahesabu yenyewe."

Bwana Anastazi alifikiri. Aliuliza kama kweli atamwona kila mtoto. Akahakikishiwa kwamba atamwona kila mmoja, pamoja na mzazi wake. Akasema basi meza isogezwe. Meza ilibebwa ikawekwa nje ya kiwanja, ukingoni mwa barabara. Manyunyu yalirudi, na Mutabazi akasimama na mwavuli juu ya karatasi. Watu walilowa.

Aliyeanza ni mzee Byarugaba, ameshika mkono wa mjukuu wake. Alimwita mtoto kwa jina lake, la baba yake, la babu yake, na angeendelea juu zaidi kama Kyarisiima hangemvuta shati. Walifuata wengine. Wakulima nao walivunja mistari yao, wakaja kuwaita watoto wao vivyo hivyo. Nyirabageni, sasa mke wa mtu, alikuja kumwita mwanawe wa kwanza, aliyekuwa ameanza darasa la awali. Bwana Anastazi alipata taabu na majina. Kila mara aliuliza ni r au ni l, na kila mara alijibiwa kwamba ni hiyo hiyo. Kyarisiima alimshauri aandike ile inayomjia kwanza, kwa kuwa mtoto akiitwa ataitika tu.

Mwandishi wa wasifu huu alikuwa akijaza nakala ya pili, na kwa hiyo aliziona namba za ukingoni. Saa sita kasoro robo watu waliokuja mezani waliisha. Karatasi ilikuwa haijafikia idadi iliyotakiwa. Mistari iliyopungua ilikuwa michache kuliko vidole vya mkono mmoja. Bwana Anastazi aliweka rula juu ya ukingo wa karatasi, akaifunika ile safu, akatazama saa yake.

Ng'ambo ya barabara alibaki mtu mmoja na watoto wake.

Tulitaka kumwambia Mwalimu imebaki kiasi gani. Alitunyamazisha kwa mkono. Hakuitazama karatasi. Aliwageukia watoto waliokuwa wamejazana kwenye matope, akauliza kama anavyouliza kila asubuhi: "Nani hayupo?"

Hawakujibu kwa pamoja. Mtoto wa mkulima mmoja alisema Kamugisha. Mwingine, wa mfugaji, akasema Kemirembe. Wakasema Tumwesige, wakasema Kokunura, kisha wakarudia, kila mmoja akimtaja wa darasani mwake, mpaka majina yale yakasikika ng'ambo. Wale watoto wanne waliinua nyuso kumtazama baba yao. Kemirembe, aliyekuwa darasa la nne, aliitika. Ndivyo alivyozoea, jina lake likiitwa huitika.

Akankwasa alivuka barabara bila haraka, watoto wakiwa mbele yake. Hakumsalimu afisa. Alikwenda mpaka aliposimama Mwalimu Costansia, akampa mgongo mtu wa mezani.

"Hawa ninamwitia Mwalimu," alisema. "Karatasi siijui."

Alimtajia sikioni, mmoja mmoja, jina la mtoto na la ukoo. Mwalimu aliyarudia kwa sauti, naye Bwana Anastazi akaandika. Kazi ilikwisha saa sita kasoro dakika nne. Kwa utaratibu wake, Bwana Anastazi alipaswa kutangaza jumla mbele ya wanakijiji. Alisimama, akafunga faili, akatangaza neno moja: "Imetosha." Akaenda kutafuta mahali pa kukausha viatu.

Barua ya usajili ilifika Jumatatu, Agosti 22, 2016. Mwalimu aliisoma akiwa amesimama mlangoni, akaipeleka kwenye kopo la biskuti, akarudi darasani kwa sababu kipindi kilikuwa hakijaisha. Jioni ndipo alipowaambia wenzake. Aliteuliwa kuwa mwalimu mkuu mwezi uliofuata. Mwaka 2019 darasa la saba la kwanza lilifanya mtihani hapa hapa, Kemirembe akiwamo, na hakuna aliyevuka bonde kwenda kuufanya.

Vyumba vya madarasa, tangi la maji na vyoo vipya mtaviona wenyewe mkizunguka. Si kila alichojaribu kilifaulu. Bustani ya mboga ililiwa na mbuzi misimu miwili mfululizo, na msimu wa pili walikuwa mbuzi wa shule. Taarifa zake za mwezi zilichelewa mara nyingi. Chaki alizigawa kama dawa, na walimu vijana wamelalamika kuhusu jambo hilo kwa haki. Hakupenda kwaya na hakuficha. Pamoja na hayo, katika miaka kumi na minne ambayo mwandishi amefanya kazi naye, hajawahi kumsikia akikosea jina la mtoto.

Juzi Jumatano alikabidhi ofisi kwa Mwalimu Xaveri, aliyehamia kwetu kutoka Bukoba. Makabidhiano ya vitu yalichukua nusu saa: muhuri, funguo, madaftari. Makabidhiano ya majina yalichukua siku nzima, kwa miguu, nyumba kwa nyumba. Mwalimu Xaveri ameomba apewe muda.

Mwalimu Costansia anarudi Nyabiyonza pamoja na Mutabazi. Watoto wao, Joviness na Athanasi, wamekwisha kuwajengea nyumba pembeni mwa shamba, na kwa mvua za mwaka huu wamepanda kahawa. Wiki iliyopita, tukiwa tumekaa na wazazi kupanga sherehe hii, mtu alimuuliza shamba linaendeleaje. Alijibu kwamba limeshika vizuri, lina miche mia nne na kumi na miwili. Aliitaja idadi hiyo kwa sauti kubwa. Kisha akairudia polepole, mstari kwa mstari, safu ya juu arobaini na mmoja, inayofuata arobaini na mmoja, safu zote kumi, na miwili iliyojiotea karibu na choo, kama mtu aliyekaa mezani baada ya mfungo mrefu. Baadhi ya watu walimtazama Akankwasa, aliyekuwa amekaa mbele, kwenye benchi, ndani ya kiwanja.

Akankwasa alitafakari kidogo, akasema mti hauna mama wa kuulilia. Auhesabu tu, hata kila siku.

Mwalimu Costansia, wazazi, walimu na watoto wa Rwabunyasi wanakushukuru. Nenda ukahesabu. Tunakutakia miaka mingi ambayo wewe mwenyewe hutajisumbua kuijumlisha, afya, mvua kwa wakati wake, na mavuno ya kukuchosha sauti.

Imeandikwa na Joviana Mwebesa, mwalimu wa darasa la awali, kwa niaba ya wafanyakazi wenzake. Imemalizika saa tano na dakika kumi asubuhi.